Siku Redio Alipogombezwa

Mume wa dada yangu, watu wote wa mtaani wanamwita Redio. Ukimtafuta kwa jina alilopewa na wazazi wake utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Lakini ukiuliza Redio wa kalibu yuko wapi, hata mtoto aliyetumwa chumvi atakuonyesha: nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, pale moshi unapotokea. Anaongea tangu anapofungua kufuli la geti mpaka anapolifunga jioni. Anaongea na wateja, anaongea na moto, anaongea na feni ya kupulizia makaa, na wote hao wakimchosha ananigeukia mimi, ingawa anajua kwamba jibu langu kubwa ni kutikisa kichwa. Nimefanya naye kazi tangu alipomwoa dada na hatujawahi kugombana. Mtu atagombana vipi na mwenzake asiyempa nafasi ya kusema?

Kazi yetu ni kusubu. Tunanunua sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha na maganda ya injini za pikipiki, tunaviyeyusha, tunavimimina kwenye kalibu za mchanga, na vinatoka vifuniko, miiko, vishikio vya milango na magurudumu madogo ya mashine. Yeye ndiye wa moto. Mimi ni wa tupa na msasa. Kitu kikitoka mchangani bado kina mkia pale kilipomiminiwa, na kingo zake zinakata kama wembe, na ngozi yake imejaa vipele. Nakata, nachonga, nasugua mpaka mtu aone uso wake ndani. Wateja wakisifia kazi, Redio huwaambia, "Mimi nazaa tu. Shemeji ndiye anayeogesha."

Ufundi alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa bubu. Anasema ndiyo sababu ya maneno yake mengi: ujana wote alikuwa akiongea na wateja kwa niaba ya watu wawili, na alipoondoka pale akashindwa kupunguza. Yule bubu alimfundisha kwa kidole na kwa kofi, na masomo ya kofi hayasahauliki. La kwanza lilikuwa kukwaruza. Kitu chochote kinachoingia karakana, kiwe kimepakwa rangi au kimeota kutu, Redio anakikwaruza kwanza kwa ncha ya tupa. Ngozi inadanganya, anasema, nyama haidanganyi. Mkwaruzo wa alumini ni mweupe, wa shaba ni wa njano, wa chuma ni kijivu. Amewahi kukwaruza kitasa cha mlango wa benki wakati tunasubiri kulipwa, nikatamani ardhi inimeze.

La pili lilikuwa kukausha. Kitu chenye hata tone la maji kikitumbukia kwenye chungu chenye madini yaliyoyeyuka hulipuka, na kovu la Redio shingoni ni la mlipuko wa namna hiyo. Kwa hiyo tanuri letu, ambalo ni pipa lililokatwa na kukandikwa udongo ndani, lina ukingo mpana juu. Chakavu zote hupangwa kwanza pale ukingoni zikauke kwa joto, halafu zinasukumwa chunguni kwa nondo. Hatuna haja ya kuulizana. Kilicholala ukingoni ni cha kuingia.

Sasa niseme habari za mama, maana bila mama hakuna la kusimulia.

Mama yangu, yaani mama mkwe wake Redio, ni mshonaji. Ana cherehani ya mkono aliyonunuliwa na marehemu baba, na ameshonea watu wa mtaa mzima. Mama ana lugha mbili. Watu wake anawagombeza. Mimi na umri huu na mvi hizi ananiita kichwa maji, dada anamwita mvivu wa kuzaliwa, na jirani yake waliyezeeka pamoja wanarushiana maneno uani kutwa nzima mpaka mpita njia anasimama kuamua ugomvi usiokuwepo. Wageni, hao anawaheshimu. Anawapa kiti kizuri, anawaita bwana na bibi, hawapandishii sauti hata wakimwagia chai kitambaa chake.

Redio alikuwa bado mgeni. Tangu alipokuja kuposa, akiwa na masizi kwenye kucha yaliyokataa kutoka kwa sabuni zote, mama alimwita bwana. Karibu bwana. Umeshindaje bwana. Asante sana bwana, usijisumbue. Watoto walizaliwa, wakaanza shule, na bado ni bwana. Na kichekesho ni kwamba mbele ya mama, Redio huzimika kabisa. Huyo mtu anayeongea na feni hukaa kwenye kiti kile kizuri, mikono magotini, akijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" mpaka muda wa kuondoka.

"Shemeji," aliniambia siku moja tukitoka kule, "mama yako ananiheshimu mpaka nasikia baridi."

Dada alikuwa nyuma yetu akacheka. "Wenzio wanaomba waheshimiwe na wakwe zao."

"Nawapa heshima yangu yote waigawane," akasema. "Wewe unaitwa mvivu. Huyu anaitwa kichwa maji. Mimi lini?"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Alikua bila mama, na hilo halisemi hata kwa maneno yake mengi yale.

Asubuhi moja, moto umeshakolea na alumini ya kwanza imeanza kulegea chunguni, tukasikia hodi getini. Nilijua sauti kabla sijainua kichwa. Mama hakuwahi kufika karakana, hata siku moja. Redio aliyekuwa katikati ya hadithi ya mteja na kifuniko chake akaikata palepale.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba bwana. Habari za kazi?"

"Nzuri mama."

"Na wewe kichwa maji, hujaniona?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo shati umeliokota jalalani au umelivaa makusudi?"

Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akakifungua juu ya kiganja. Ulikuwa mkono wa cherehani yake, kile kipande kinachopinda ambacho mshonaji hushika kuzungushia gurudumu. Ulikuwa umekatika shingoni, vipande viwili, vyeusi tii kwa rangi. Baba alikuwa akiupaka rangi kila ulipobabuka, tabaka juu ya tabaka.

"Samahani bwana," mama akamwambia Redio, "sikutaka kukusumbua, najua una kazi za watu. Nimezunguka maduka yote, wanasema cherehani za aina hii hazina vipuri tena. Nikasema nijaribu kukuuliza. Kama huna nafasi, si neno."

"Nafasi ipo, mama. Tutatoa mwingine kama huo huo. Hivi vipande tutaviunganisha viwe mfano, tuvikandamize mchangani, halafu tumimine shaba."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumpa. Alipokea vile vipande kwa mikono miwili. Nikaona kidole gumba kikienda chenyewe mfuko wa nyuma kutafuta tupa, halafu kikarudi. Nilimwelewa. Kukwaruza kitu cha mama mkwe mbele ya macho yake ni kama kunusa chakula ulichokaribishwa. Akavishika tu.

Mama alikuwa ameuosha ule mkono kwa sabuni, maana haendi kwa watu na kitu kichafu, na matundu ya skrubu yalikuwa bado na maji. Mchanga wa kalibu ukikutana na maji ya ziada huvurugika. Redio akaviweka vile vipande viwili ukingoni mwa tanuri vikauke kidogo, akanawa mikono, akamsindikiza mama mpaka barabarani. Mama alisema anakwenda kununua uzi.

Alirudi anaimba.

"Shemeji! Umemsikia? 'Nikasema nijaribu kukuuliza.' Nani? Mimi! Amezunguka maduka yote halafu akaja kwa nani? Kwa Redio!" Akachukua nondo. "Nitautoa huo mkono uwe mzuri mpaka cherehani ione aibu. Nitautia nakshi. Hapana, nakshi hataki, atasema ninajidai. Nitauacha hivyo hivyo, lakini utang'aa, wewe utausugua mpaka..." Na huku anaongea anasukuma chakavu chunguni, fremu, vipande vya sufuria, fremu, anazungusha nondo upande huu wa ukingo na upande ule, anaimba, anasukuma. Mimi nilikuwa nimeinamia kishikio cha mlango kwenye jiwe langu, natafuta kipele cha mwisho. Sikuona lolote.

Alifunika chungu, akaanza kuchekecha mchanga laini wa kazi ya mama. Akauweka kwenye fremu ya mbao, akaulainisha kwa kiganja.

"Haya, lete mkono."

"Uko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Si uliuweka ukingoni?"

Tukageuka pamoja. Ukingo ulikuwa mweupe, umefagiwa, kama sahani iliyorambwa.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alikaa kimya bila mama kuwepo. Alifunua chungu. Ndani palikuwa na kile kioo cha fedha kinachotetemeka, na juu yake ngozi ya taka. Akanong'ona, "Ulikuwa chuma au shaba?"

"Sijui. Hukuukwaruza?"

"Ningeukwaruzaje mbele ya mama?"

Msomaji asiyejua kazi yetu aelewe kilichotutisha. Chungu chetu chenyewe ni cha chuma, bomba nene lililozibwa chini. Alumini inayeyuka ndani yake kama maji yanavyochemka kwenye sufuria, na chuma hakina habari. Kwa hiyo kama ule mkono ulikuwa wa chuma, ulikuwa umekaa tu chini, unaoga. Lakini kama ulikuwa wa shaba, alumini ingekuwa imeshaunywa kama chai inavyokunywa sukari, na hapo tusingekuwa na mfano, wala kipuri, wala cherehani. Uzito haukutusaidia, maana vyote viwili ni vizito. Na ile rangi nyeusi ya marehemu baba ilituficha kila kitu.

Redio akazamisha nondo. Chini kukagonga.

"Umesikia?"

"Bolti," nikasema. Maganda ya injini huwa na bolti zilizosahaulika, zinalala chini ya chungu kila siku.

"Bolti haina sauti hiyo."

"Shemeji, bolti zote zina sauti hiyo."

Akajaribu kwa koleo. Chungu ni chembamba na kirefu, koleo ni fupi, na madini hayo hayaoneki ndani hata kidogo. Akahangaika, jasho linamtiririka mpaka kwenye kovu, akatoa kitu kinachodondoka fedha. Ilikuwa bolti. Hapakuwa na njia nyingine zaidi ya kumimina chungu chote, tuone mabaki. Kalibu za vifuniko zilikuwa tayari zimepangwa chini tangu asubuhi, zilibaki chache kufungwa. Tukaanza kuzifunga kwa haraka, na hapo ndipo geti likalia.

"Duka la uzi limefungwa," mama akasema. "Nimeona nisihangaike kwenda nyumbani na kurudi. Nitakaa hapa pembeni, bwana, kama siwasumbui."

Nikamfutia kigoda. Alikaa, akakunja kitambaa chake magotini, akatazama kila kitu: tanuri, mchanga, miiko iliyoning'inia. Redio alikuwa amepiga magoti kwenye kalibu, hainui kichwa. Mama akaniambia kwa sauti ambayo aliamini ni ya chini, "Mtaani wanasema anaongea sana. Mbona mpole?"

Halafu akaanza kusimulia, maana kukaa na kimya ni kitu asichokiweza. Alisema ule mkono haukuja na cherehani. Wa asili ulivunjika zamani, mimi nikiwa mgongoni, na baba akaupeleka kwa fundi mmoja akaja na huu.

"Fundi wa namna gani, mama?" Redio akauliza.

"Sijui bwana. Fundi tu. Wa moto moto kama nyie."

Nikamwona Redio anafumba macho. Fundi wa moto kama sisi, akiletewa kazi kama ile, atamimina shaba. Hata sisi tulikuwa tumepanga kumimina shaba. Sikujua nitazame wapi, nikatazama tupa yangu.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kumimina, aone, na kama kumeharibika atafute maneno, na maneno anayo ya kutosha. Badala yake alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda mbele ya kigoda.

"Mama, nimeharibu."

"Nini bwana?"

"Mkono wako. Niliuweka pale ukauke. Niliporudi kutoka kukusindikiza nilikuwa na furaha, nikawa naongea, nikausukuma chunguni pamoja na chakavu. Kama ni chuma, upo. Kama ni shaba, haupo tena. Sikuuangalia ulipouleta, kwa hiyo sijui."

Mama alitazama chungu. Ile cherehani ndiyo aliyotulea nayo, mimi na dada, baba alipoondoka duniani. Nilimjua mama, nikasubiri radi. Nilitamani radi. Lakini alikunja kitambaa mara moja zaidi, akasema taratibu:

"Si neno, bwana. Mambo hutokea. Asante kwa kuniambia."

Redio akasimama kidogo kama mtu aliyejiandaa kupigwa asipigwe. Halafu akarudi kwenye moto.

Tulibeba chungu pamoja, yeye mbele mimi nyuma, kila mmoja na mpini wake wa koleo refu la kubebea. Kazi hii kwa kawaida ina kelele zake: "Shuka, shemeji, shuka, simama, usipumue!" Safari hii hakusema kitu, na bado tulikwenda sawa. Uzi wa fedha ulitoka mdomoni mwa chungu ukaingia kwenye tundu la kalibu ya kwanza, ikajaa, tukainua chungu, tukaenda ya pili. Hakumwaga hata tone nje. Mama alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama. Hakuwahi kuona kitu hicho maishani mwake, madini yanamiminwa kama maziwa.

Kalibu ya mwisho ilipojaa tulikipeleka chungu kwenye mchanga mtupu, tukakipindua. Ikatoka alumini kidogo iliyobaki, halafu, kwa kishindo, kikatoka kile kinachobaki chini siku zote, ukoko wa taka na bolti zilizoshikana kama mawe kwenye saruji. Ukatulia unafuka. Redio akachukua nyundo ndefu, akagonga pembeni. Ukapasuka. Bolti. Akagonga tena. Bolti na kipande cha mnyororo. Akagonga mara ya tatu, na katika ule mpasuko kikachungulia kitu kirefu kilichopinda, kimevaa koti la alumini.

Redio akachomoa tupa mfukoni, akainama, akakwaruza.

Kijivu.

"Chuma!" akapiga kelele mpaka watu wa maduka ya mbele wakasikia. "Chuma, shemeji! Yule fundi hakumimina, aliufua kwa nyundo! Mungu ambariki popote alipo, aliufua!" Na kwa furaha hiyo akaangusha tupa, akanyoosha mkono mtupu kuuchukua.

Hapa kuna kosa ambalo anayeshinda na moto analifanya upesi kuliko mtu mwingine. Alumini ikishaganda haiwaki wekundu. Ya moto na ya baridi zinafanana kama pacha. Anayejua hilo kuliko wote alikuwa Redio, na vidole vyake vilikuwa vimebakiza upana wa unyasi.

Kitambaa cha mama kikamchapa mkononi, pwaa.

"We mtoto una wazimu!"

Redio akabaki ameinama, mkono hewani.

"Kitu kimetoka motoni sasa hivi, unakwenda kukishika kama unachuma embe! Unataka watoto wa binti yangu walelewe na baba asiye na vidole? Na cherehani ingekwenda, ingekwenda, ni chuma kile! Vidole nitakununulia duka gani?"

"Naam mama."

"Usiniitikie naam, nisikilize! Ni mdomo huo. Nilikuwa bado sijavuka barabara nakusikia unaimba. Nikajisemea, huyu mtoto ataimba mpaka aangushe kitu. Mtu anafanya kazi ya moto anaimba kama yuko harusini! Na hata harusini, siku yako mwenyewe, kiatu cha kushoto hakikufungwa kamba. Niliona. Miaka yote hii nimenyamaza, nikasema ni mtoto wa watu, nisimseme. Wapi! Kunyamaza ndiko kumekuharibu!"

"Kweli mama."

"Na hicho kichwa, mwisho kukinyoa lini? Cheche ikiruka hapo si utawaka kama kibatari? Na unamlisha nini binti yangu, mbona amekonda, au ndio anakula maneno?"

Dada hajakonda hata kidogo. Redio alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mabega yanamtikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Uso wake ulikuwa umepasuka kwa tabasamu kutoka sikio mpaka sikio, na machozi pia yalikuwepo, sikatai, lakini moshi ulikuwa mwingi.

"Na wewe kichwa maji unacheka nini?"

Sikujua kwamba nacheka. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mchanga.

Kipande cha pili tulikikuta ndani ya nusu nyingine ya ukoko, kimekumbatiana na bolti. Tulisubiri vipoe mpaka mama aliporidhika kwamba vimepoa, akavigusa mwenyewe kwanza kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate, ndipo akaturuhusu. Nilibandua alumini kwa patasi na brashi ya waya. Rangi ya baba ilikuwa imeungua yote. Chini yake alama za nyundo za yule fundi zilionekana moja moja, kama magamba ya samaki. Mama alizipitishia kidole.

"Miaka yote sikujua kuna hizi," akasema.

Tuliunganisha vipande kwa nta, tukaupaka nta nyembamba mwili mzima, kwa sababu shaba ikipoa hunywea na bila hiyo mkono mpya ungetoka mdogo. Redio akaukandamiza mchangani, akautoa, akafunga kalibu, akayeyusha shaba kwenye chungu kidogo. Kazi ile yote aliifanya akigombezwa. Mchanga huo mbona mchafu. Hicho kiti mbona kina msumari. Hamna maji ya kunywa hapa? Mgeni akija anakunywa nini, oili? Na kila neno Redio alilipokea, akalijibu, na taratibu sauti yake ikaanza kurudi, kama redio inayotafuta stesheni, mpaka akathubutu kumsimulia mama hadithi ya yule mteja na kifuniko. Mama akamwambia ni hadithi ya kipumbavu. Akamwomba aimalizie.

Shaba ilitoka safi, bila tundu hata moja la hewa. Nilikata mkia, nikachonga, nikasugua kwa msasa wa kukwaruza halafu wa laini. Kesho yake tukaupeleka nyumbani kwa mama. Tulimkuta na jirani yake uani, wakizozana juu ya kamba ya nguo. Kile kiti kizuri kilikuwa kimewekewa vitambaa vya kushona, na Redio alipokitazama mama akamwambia, "Huoni hapo pana kazi? Kaa chini."

Akakaa chini.

Nilifunga skrubu. Mama akashika mkono mpya, akauzungusha taratibu, halafu kwa nguvu, na sindano ikakimbia juu ya kitambaa mshono mmoja ulionyooka mpaka mwisho. Akausimamisha. Akapitisha kidole gumba chini ya shingo ya ule mkono, pale kiganja kinapolala, akakunja uso.

"Hapa panakwaruza."

Lilikuwa kosa langu. Tupa ni yangu na msasa ni wangu, na pale chini nilikuwa nimepita juu juu. Nikafungua mdomo niseme, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Redio akanikanyaga mguu, na kisigino akakizungusha.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikuwa naongea."

"Si najua! Ufungue, urudi nao, na kesho uje nao umelainika. Na uje mapema, usije hapa jua limeshapanda kama kawaida yako."

"Naam mama," akasema Redio, huku ameshapiga magoti mbele ya cherehani na kuomba apewe bisibisi.